Kijana wangu hasikii kabisa, nimpeleke bweni?

Mpambanaji wa Igoma (mleta uzi)
Wakuu, poleni na majukumu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina kijana wangu wa miaka minane, darasa la tatu hapa Mwanza. Huyu mtoto hasikii. Unamwambia leta ndoo, anakutazama usoni kama umeongea Kichina. Unamwita mara nne, hageuki mpaka umfuate alipo. Ukimfokea, naye anakufokea. Runinga anaweka sauti mpaka jirani anagonga ukuta.

Shuleni nimeitwa mara mbili muhula huu. Ya kwanza, kampiga mwenzake ngumi ya mdomo eti walikuwa wanamcheka. Ya pili, imla kapata mbili ya ishirini, halafu hesabu za ubaoni kapata zote. Mwalimu anasema akili anazo, tatizo ni kiburi.

Nyumbani hakuna amani. Kuna shule ya bweni upande wa Kahama inasifika kwa nidhamu. Mliowahi kupeleka watoto wadogo bweni, naombeni uzoefu. Matusi hapana.

Sangara Mnofu
Wako ana minane? Wangu ana thelathini na mbili, hasikii, na yuko sebuleni kwangu hivi ninavyoandika. Niulizie hapo Kahama kama wanachukua wenye ndevu.

Mzee wa Kirumba
Methali 29:15, fimbo na maonyo hutia hekima. Sisi tulizaliwa kumi na mmoja. Baba akikohoa tu mlangoni, nyumba nzima kimya, hata mbwa. Ninyi mnalea na katuni halafu mnakuja kulia huku. Bweni la nini? Mti wa mpera haupo hapo kwako?

Mama Wawili Buhongwa
Mleta uzi, swali moja: anakoroma? Binti yangu alikuwa moto. Mchana hatulii, anachokoza wenzake, mara kalala juu ya daftari. Miaka saba bado anakojoa kitandani, nami nikamchapa sana, Mungu anisamehe. Usiku anakoroma kama injini ya mtumbwi, sisi tunacheka, tunasema kafanana na babu yake. Kumbe ni nyama za nyuma ya pua zimevimba, hewa haipiti, mtoto halali usingizi wa maana hata siku moja. Mtu mzima asipolala anasinzia. Mtoto asipolala anapanda ukuta. Wakazitoa. Muhula uliofuata mwalimu akaniuliza nimempa dawa gani. Mambo ya bima kwenye ule upasuaji ni uzi mwingine, sitaki presha ipande.

Mpambanaji wa Igoma
Hakoromi. Tusitoke nje ya mada, mada ni bweni.

Tabibu wa Zahanati
Mkuu, hapa Kiswahili chetu kinatuponza. Hasikii maneno, au hasikii sauti? Soma upya ulichoandika. Ya ubaoni anaona, anapata yote. Imla ni ya kusikia, anaanguka. Hageuki akiwa amekupa mgongo. Ukimwambia kitu anakutazama usoni, labda anasoma midomo. Anafoka kwa sababu hajui sauti yake imefika wapi. Na mtoto anayejibu sivyo kila siku lazima wenzake wamcheke.

Nina maswali. Masikio yamewahi kutoa usaha? Amewahi kuugua homa ya uti wa mgongo? Akiwa mchanga alilazwa akachomwa jentamaisini siku nyingi? Ile sindano inaokoa maisha, ila mara nyingine inaharibu usikivu.

Mpambanaji wa Igoma
Masikio yake mazima kabisa. Ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anafika mbio. Anasikia anachotaka yeye.

Bint Nansio
Mdogo wangu kule Ukerewe aliitwa mvivu mpaka jina likamganda. Mwalimu anampigisha magoti, yeye anasinzia palepale kwenye magoti. Tumbo kubwa, damu ndogo. Kichocho cha tumbo. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa ziwani na kupenya ngozi, hata maji ya magotini yanatosha. Walipokuja kugawa dawa shuleni wakampima urefu kwa ile fimbo yenye alama, ndiyo inayoonyesha vidonge vingapi. Mpe mtoto uji kwanza, hiyo dawa ya kichocho, prazi, kwenye tumbo tupu ni vita.

Sangara Mnofu
Kwa hiyo fimbo ilisaidia. Mzee wa Kirumba kashinda.

Chaki Nyeupe
Mimi ni mwalimu. Bweni kwa darasa la kwanza mpaka la nne lilipigwa marufuku na serikali mwaka 2023. Mtoto wako yuko la tatu. Hiyo shule inakupokea kwa utaratibu gani?

Mpambanaji wa Igoma
Walisema kibali wanacho. Na kusema ukweli nimeshatoa laki nne ya kushikia nafasi.

Chaki Nyeupe
Sasa hapa unaomba ushauri au unaomba baraka?

Tabibu wa Zahanati
Hujanijibu kuhusu usaha.

Mpambanaji wa Igoma
Sawa. Sikio la kushoto linatoa majimaji. Si kila siku, ni akipata mafua, na zamani akioga ziwani. Na la kulia mara mojamoja. Tangu ana miaka miwili hivi. Bibi yake alisema ni utoto, litakauka lenyewe. Alikuwa anamwekea mafuta ya nazi ya moto yenye kitunguu saumu, na sisi tumeendelea hivyo hivyo. Linanuka kidogo, ndiyo. Lakini tuwe wakweli, ngumi ya mdomo nayo inatoka sikioni?

Jicho la Kamanga
CHAI. Jamani mnaandika magazeti kumshauri mtu anayewapikia chai. Mwezi wa tatu huyu huyu alileta uzi wa ada ya sekondari, akasema, "nina binti mmoja tu, sina mtoto mwingine." Leo ana kijana wa miaka minane mwenye usaha wa miaka sita. Kazaliwa akiwa darasa la tatu?

Sangara Mnofu
Ya maziwa au ya rangi? Niko paleee nimekaa na chapati yangu.

Mzee wa Kirumba
Nilijua. Imla mbili ya ishirini, nani anakumbuka maksi za imla? Wasimamizi fungeni uzi.

Mama Wawili Buhongwa
Iwe chai, isiwe chai, kuna mzazi anasoma hapa ambaye wa kwake si chai. Tabibu, endelea.

Mpambanaji wa Igoma
Siyo chai. Ni mtoto wa nje. Alikuwa Sengerema kwa mama yangu, mama amefariki mwezi wa tano, nikamleta nyumbani. Mke wangu hakuwa anajua. Sasa mnaelewa kwa nini nilisema hakuna amani, na kwa nini bweni. Kwenye uzi wa ada niliandika vile kwa sababu mke wangu anasoma humu.

Na kama mnataka yote, wiki iliyopita nilimzaba kofi. Upande huo huo wa kushoto. Usiku ule mto ulikuwa na damu.

Tabibu wa Zahanati
Asante kwa kusema. Sikiliza.

Acha mafuta leo. Usaha wa muda mrefu maana yake ngoma ya sikio imetoboka, na chochote unachomimina kinaingia ndani. Sokota kipande cha kitambaa safi kama utambi, kinyonye usaha, toa, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Maji yasiingie. Matone utapewa na atakayemwona, usinunue ya kubahatisha. Usaha unaonuka, na damu juu yake, si wa kusubiri: pale nyuma ya sikio ni mfupa, na ukiachwa unaweza kula mpaka karibu na ubongo. Anza kituo cha afya, chukua rufaa. Hospitali ya Bugando wana kliniki ya masikio, pua na koo. Akitapika, akivimba nyuma ya sikio au uso ukienda upande, usingoje kliniki, nenda usiku huo huo.

Leo hii jaribu hivi. Simama nyuma yake, umbali wa mkono. Mzibe sikio moja kwa kidole, ukilisugua taratibu. Nong'ona neno moja, arudie. Kisha badili.

Jicho la Kamanga
Nasubiri mwendelezo wa tamthilia.

Mpambanaji wa Igoma
Nimefanya jioni hii uani. Kulia: ndizi kapata, samaki kapata, kuku akasema "tutu". Nikaziba kulia, nikanong'ona upande wa kushoto. Ndizi. Kimya. Samaki. Kimya. Nikarudia yote. Akaniuliza, "Baba, bado hujaanza?"

Mke wangu alikuwa dirishani. Ndiye aliyetafuta kitambaa cheupe akakichana.

Jumatatu kituo cha afya. Ile laki nne shule wanasema hairudi. Kuna aliyewahi kudai akalipwa?

Mama Wawili Buhongwa
Andika barua, peleka kwa mkono, wakugongee muhuri kwenye nakala. Mimi ilichukua muhula mzima, ikarudi nusu.