Mchezo wa redio wa Unguja ya zamani: nimwite sultani, mfalme au mwinyi?

Mtunzi_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Mimi na vijana wa mtaani tunaandaa mchezo wa redio, hadithi yake ni ya Unguja mwaka 1850 hivi. Kuna watawala wawili: mmoja Mwarabu, makazi yake Mtoni, na mwingine mwenyeji wa Dunga. Kwenye rasimu wote nimewaita "mfalme", wake zao "malkia". Binti mmoja kanikatalia, anasema wa Mtoni ni sultani. Mwenzake anashikilia kwamba ni imamu. Tumekwama ukurasa wa pili. Halafu kuna hawa diwani, jumbe na sheha, nao niwaweke wapi?

Babu_Koani
Mwanangu, anza kwa kufuta "mfalme" kote. Wafalme walikuwa Pate huko, karibu na Lamu, na watu wa kaskazini wakisema "mfaume". Hadithi yako ni ya Unguja.

Huyo wa Mtoni ni Said bin Sultan. Usiteleze hapo: "Sultan" ni jina la baba yake, Sultan bin Ahmad. Yeye mwenyewe cheo chake Seyyid, yaani bwana mtukufu. Wala usimchanganye na masharifu wa Lamu, wale useyyid wao ni wa kizazi cha Mtume. Uimamu wa Oman ulikuwa jambo jingine, ulikuwa na dini ndani yake na mtu alichaguliwa. Babu yake, Ahmad bin Said, alikuwa imamu, Said hakuwa. Ila Wazungu wa siku zile walizoea kumwandika "Imamu wa Maskati", nadhani huko ndiko kijana wako alikolikuta. Usultani kama cheo ulikuja kushika baadaye, Unguja ilipotenganishwa na Oman mwaka 1861 na mwanawe Majid akabaki na upande wa huku. Kwa hiyo mwaka 1850 mwite Seyyid Said, na anayeingia barazani kwake aseme "Maulana".

Wa Dunga ndiye Mwinyi Mkuu, Muhammad bin Ahmed. Mwinyi ni mwenye: mwenye nchi, mwenye watu. Chini yake walikuwepo masheha, kila mji na wake, na kodi ya Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, ilipita kwa masheha, ikafika kwake, kisha Seyyid akapata fungu lake. Mchezo wako uko hapo, mwanangu! Watawala wawili kisiwa kimoja, mmoja ana merikebu na mizinga, mwingine ana ngoma na siwa, ile pembe ya utawala, na watu wa mashamba wanamsikiliza huyu wa pili. Ukiwaita wote "mfalme" msikilizaji hataona mvutano uko wapi. Muhammad alifariki 1865, mwanawe Ahmed akafuata, naye akafariki 1873, na hapo umwinyi mkuu ukaisha. Wageni niliokuwa nikiwapeleka kwenye magofu ya Dunga waliuliza kila mara mfalme alilala chumba gani. Nikachoka kuwasahihisha.

Sheha mpaka leo tunaye, lakini ukimwendea ni kwa barua ya kitambulisho.

Shomvi_wa_Mrima
Babu kamaliza ya Unguja, mimi niseme ya Mrima, yaani pwani ya bara. Madiwani na majumbe walikuwa wenye miji. Bagamoyo madiwani ni sisi Washomvi, kule Vumba diwani alitawazwa kwa siwa. Mjerumani alipokuja akamchukua jumbe akamfanya mtu wa kukusanya kodi na kusimamia shamba la pamba, akamwekea akida, ofisa wake, juu yake. Ndiyo maana Majimaji ilipoanza 1905 baadhi ya maakida walikuwa wa kwanza kukimbia. Leo diwani ni wa kata, anaulizwa habari za mitaro. Kwa mchezo wa 1850, akitokea diwani kutoka Mrima, mpe heshima ya mtawala, asije akaongea kama mgombea.

Msukuma_Tabora
Huku bara hatuna sultani wala mwinyi, tuna mtemi. Wazee wanalitoa kwenye kutema: wengine wanasema kutema msitu, wengine kukata shauri. Mirambo alikuwa mtemi, na vitabu vikimwita mfalme au sultani mimi nafunga kitabu. Usukumani chini ya mtemi alikuwepo mwanangwa, mkuu wa kijiji. Machifu serikali iliwaondoa 1963, lakini ukija kwenye ngoma zetu utasikia mtu anaitwa mtemi na anaitika.

Nakku_Kampala
Naongeza kidogo ya Buganda, maana mtaani kwenu najua mtamtia Kabaka, mtawala wetu, siku moja. Msimwite mke wake "malkia" tu. Mke ni Nnabagereka, mama wa Kabaka ni Namasole, na huyo mama ana kasri lake. Waziri mkuu ni Katikkiro. Kabaka mwenyewe anaitwa Ssabasajja.

Mtunzi_Tanga
Asanteni sana, nimefuta "mfalme" zote. Sasa wake wa Seyyid? Nina onyesho la mke mkubwa anagombana na suria.

Babu_Koani
Malkia acha. Unguja tulikuwa na malkia kweli, Mwana Fatuma, mwishoni mwa karne ya 17. Alitawala mwenyewe, akawa upande wa Wareno, Waomani wakampeleka Maskati. Hilo jina mwachie mwanamke aliyeshika nchi.

Mke wa ndoa pale Mtoni alikuwa Azza bint Seif, mwite Bibi Azza au Seyyida. Wengine masuria. Lakini angalia unavyoandika ugomvi: suria akishazaa, mtoto wake ni Seyyid kama mwingine yeyote. Majid mama yake suria wa Kicherkesi, Barghash mama yake suria wa Kihabeshi, na wote wawili walitawala. Basi suria wako asiwe mnyonge wa kulia kila onyesho. Akiwa na mtoto wa kiume, Bibi Azza ndiye atakayemwogopa yeye.

Na kama mtaweka sauti ya siwa onyesho la Dunga, msitumie tarumbeta. Siwa inapulizwa ubavuni, sauti yake nzito na haipandi. Tafuteni pembe ya ng'ombe, toboeni ubavuni, mpulizaji avute pumzi kwanza.