Kasa aliyeokolewa haachi kuelea: tumhudumieje?

Mhudumu wa kituo, Malindi: Assalaam alaykum ndugu zangu. Wavuvi wametuletea kasa aliyenaswa kwenye jarife, na tangu tumtie tangini anaelea upande mmoja, wala hawezi kuzama akala. Je, tumfungie uzito gambani?

Daktari wa wanyama: Waalaykum salaam. Hasha, uzito usubiri kwanza. Kuelea huko mara nyingi hutokana na gesi iliyojaa matumboni, pengine kwa sababu ya plastiki aliyoimeza, au na pafu lililopasuka, na picha ya eksirei ndiyo itakayotofautisha. Gamba linalobaki juu ya maji lifunikwe kitambaa kilicholoweshwa, pua zikiachwa wazi, kwani jua la kaskazi (nanyi mnalijua) hulibabua upesi.

Mlezi wa kasa, Watamu: Naafiki. Mkimwona ana vivimbe shingoni au machoni, mtengeni, na ndoo na brashi zake zisiguse tangi jingine, maana maradhi hayo huambukiza. Shirika la Wanyamapori nalo lijulishwe leo hii, kwa kuwa sheria ya mwaka 2013 hairuhusu kumweka kasa bila kibali, hata kwa nia njema.

Mhudumu wa kituo, Malindi: Ahsanteni. Kitambaa kimeshawekwa, eksirei tunaitafuta.