Daraja na dropu za mbao kwenye njia ya baiskeli za mlima Lushoto: mirunda, paina ya dawa au mianzi?

PedaliUsambara
Wakuu habari za jioni. Tuna shamba la familia huku Lushoto na vijana wa hapa tumeanza kuchonga njia ya baiskeli za mlima. Udongo tunaumudu, kona tumezipandisha kwa jembe na zinashika vizuri, sa zimebaki sehemu tatu ambazo naona zinadai mbao: korongo la upana wa mita 3 hivi linalokauka kiangazi, sehemu moja ya tope ambayo masika yote haikauki, na dropu, yaani pa kurukia kushuka na baiskeli, ya chini tu kama nusu mita. Nilivyonavyo ni mirunda ya mkaratusi ipo shambani bure, paina ya Sao Hill iliyotiwa dawa ile ya kijani naweza kununua, na mianzi ya jirani. Mninga na mkongo bei yake hatuiwezi. Nataka kitu ambacho mtoto wa jirani akipita na baiskeli yake baada ya masika kadhaa kisimvunjikie.

fundi_mabanzi
Mkuu usichague mti mmoja kwa kazi yote. Gawanya: kuna miguu, kuna mihimili inayobeba, kuna vibao vya kupita tairi. Mguu unaoza pale pale udongo unapokutana na hewa, na mchwa wanapandia hapo hapo. Mrunda ukiufukia hivi hivi bila dawa mchwa watakushukuru, ila mrunda huo huo ukiumenya maganda ukaukausha kivulini ukaulaza juu ya mawe usiguse udongo kabisa, unakuwa mhimili mzuri kuliko paina, manake mkaratusi una nguvu zaidi. Shida yake ni kupasuka na kujipinda ukikauka, kwa hiyo kausha kwanza ndo upime na kukata. Miguu weka ya dawa. Vibao paina ya dawa ya 2 kwa 4, vikatishe njia, usivilaze kufuata mwendo wa tairi, utateleza.

DadaTairi
Fundi yuko sahihi ila ile dawa tuiongelee vizuri jamani. Hiyo ya kijani kwa kawaida ni CCA, ndani yake kuna shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Kwenye nguzo ya mviringo dawa inaingia sehemu ya nje tu, kiini hakinywi, so ukiipasua nguzo katikati upate bapa umemfungulia mchwa mlango. Nunua ukubwa unaoutaka tayari, na kama lazima ukate, upande uliokatwa uwe juu, upande mzima ndo uingie ardhini. Vaa barakoa ukikata na vile vipande vinavyobaki visifike jikoni kabisa, wala jivu lake shambani. Marekani waliacha kuiweka kwenye mbao za majumbani mwisho wa 2003 kwa ajili ya hiyo aseniki. Sasa swali, korongo lako maji yake yanaishia wapi?

PedaliUsambara
Yanaingia kijito ambacho watu wa chini wanachota.

DadaTairi
Basi korongoni usiweke hata kipande cha dawa kaka yangu. Panga mawe pande zote mbili, laza mirunda iliyomenywa, vibao navyo visivyo na dawa, ukubali kuvibadilisha vikichoka. Kubadilisha kibao ni kazi ya asubuhi moja, maji ya watu huyabadilishi. Paina ya dawa peleka kwenye dropu huko juu pakavu. Alafu pitia kwa serikali ya kijiji na ofisa mazingira wa wilaya kabla hujaanza, sheria ya mazingira ya 2004 inabana shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

mzalendo_Vancouver
Nipo Kanada, na hii michezo ya madaraja ya mbao ilikua sana huku milima ya North Shore miaka ya 90. Walitumia mwerezi mwekundu ulioanguka msituni, wanaupasua kwa kabari kufuata nyuzi zake, unavumilia kuoza bila dawa. Sababu ilikuwa ardhi imejaa mizizi na tope. Lakini baadaye mengi yalioza yakaondolewa na wajenzi wengi wamerudi kwenye udongo na mawe. Ndo maana mimi lile tope lako nisingeliwekea mbao kabisa. Chimba mtaro maji yatoke, panga mawe bapa yasimame kwa ubavu yakibanana, hapo mchwa hana kazi. Upana wa daraja la wanaoanza usipungue sentimita 90, ndo mwongozo wa IMBA, chama cha kimataifa cha baiskeli za mlima, kwa njia rahisi.

mianzi_tu
Mianzi mnaisahau. Kwa sakafu siitetei, inateleza ikilowa na inapasuka ukigonga msumari. Ila kwa kuzuia udongo wa kona isimomonyoke ni safi, na mkivuna iliyokomaa mkailoweka kwenye boraksi dumuzi hawaishambulii haraka. Toboa kwa drili kwanza.

fundi_mabanzi
Nimekubali ya mawe kwenye tope. Misumari usitumie kwenye vibao, mtikisiko unailegeza na kichwa kinachomoza, weka skrubu zilizopakwa zinki za inchi 3, na mihimili funga kwa bolti na washa. Oili chafu msipake kama watu wanavyofanya kwenye mapaa, inateleza na inashuka kwenye maji yale yale.

PedaliUsambara
Asanteni sana, korongo ni mawe na mirunda basi. Vibao viachiane kiasi gani, na waya wa kuku niweke juu au?

DadaTairi
Sentimita moja na nusu hivi, tope lidondoke na tairi ya mtoto isizame. Waya wa kuku unashika vizuri mwanzoni, ukichakaa unakatika na ncha zinachana tairi na magoti. Acha mbao bila randa, na kwenye kivuli panapoota ukungu chora mifereji kwa msumeno. Na kila baada ya masika choma kila mguu kwa bisibisi usawa wa udongo, ikizama funga njia siku hiyo hiyo.