Mgeni akishuka Nansio ale wapi, na je, mama lishe waondolewe gatini?

Wakuu, salaam.

Juzi kaka mmoja aliuliza swali jepesi. Anakwenda kisiwa cha Ukerewe kwa mara ya kwanza na mke na watoto wawili, sasa wakishuka melini Nansio, mji wa kisiwa hicho, wale wapi? Alijibiwa kwamba asiguse chakula cha gatini, apitilize hadi gesti, aagize chipsi kuku na soda. Kisha mwingine akaongeza, na wengi wakamuunga mkono, kwamba mabanda ya mama lishe karibu na gati ni aibu ya mji, yahamishiwe mbali ili mgeni akishuka aone mji msafi. Mimi napinga yote mawili. Miaka kumi na minne nachukua dagaa Ukerewe nauza Kirumba, hapa Mwanza, na katika miaka hiyo nimekula zaidi gatini kuliko mezani kwangu.

Nianze na hiyo chipsi kuku. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, na wilaya yake ina visiwa 38. Mitumbwi inarudi alfajiri, jua likichomoza sangara na sato wameshafika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kuku wa kisasa, viazi vya chipsi na mafuta ya kukaangia vimekuja na meli kutoka Mwanza kama wewe. Unakaa majini saa tatu nzima, unafika, halafu unakula kitu ulichokiacha kwenu.

Na usalama wenyewe unaosemwa uko wapi? Nimeumwa tumbo Ukerewe mara moja tu katika miaka yote hiyo, na nililipata gesti, kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, kuku alikuwa frijini, jioni wakampasha moto wakaniletea. Siku mbili sikunyanyuka kitandani. Meli iliondoka bila mimi, na dagaa wangu waliokuwa wamefungwa tayari walinyeshewa. Sisemi gesti zote ziko hivyo. Ila kitambaa cheupe hakiui vijidudu.

Sasa njooni muone kwa mama ninayekula kwake. Kichwa cha sangara kinaletwa na kijana kutoka mwaloni, macho bado yanang'aa. Anakipasua katikati kwa panga dogo, anayatoa matamvua yote, maana yakibaki supu inakuwa chungu, anakisugua kwa chumvi na limau, kisha kinaingia sufuriani na nyanya, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa. Pembeni anasonga ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, wenye rangi ya majivu, unaovutika ukikata tonge. Ukifika saa mbili ukaambiwa umeisha, subiri, unasongwa mwingine. Kabla ya saa sita mchana atakuwa amesonga mara tatu au nne. Mahali ambapo chakula hakipati nafasi ya kupoa, hakipati nafasi ya kuharibika pia. Huko ndiko ninakotaka watoto wa yule kaka wale: penye moto unaowaka na foleni ya mabaharia na wapagazi, maana hao wanakula kila siku na hawawezi kumudu kuugua.

Dada mmoja kauliza kuhusu maji, na hapo ana haki. Wapo wanaochota ziwani, hapo hapo mitumbwi inapooshwa, na maji hayo ndiyo ya kuoshea vyombo na ya kunawa mteja. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam na kusambaa mikoani, Mwanza nasi kilitufikia, na sote tunakumbuka jinsi vyakula vya barabarani vilivyopigwa marufuku sehemu nyingi. Sitaki mtu aniambie natetea uchafu. Supu inayochemka haina neno. Hatari iko kwenye kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ziwa, kwenye sahani zilizosuuzwa kwenye beseni ambalo maji yake hayajabadilishwa tangu asubuhi, na kwenye jagi la kunawa. Mimi kachumbari siigusi, na sahani naomba imwagiwe maji ya moto mbele yangu. Hakuna mama aliyewahi kukasirika nikimwomba hivyo.

Lakini jamani, dawa ya maji machafu ni bomba. Mabanda yakihamishwa, jagi na beseni vinahama nayo, na ugonjwa unahama navyo. Hawa akina mama wanalipa ushuru, na mwaka 2018 vilipotoka vile vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 wengi wao walilipa kama walivyolipa wamachinga. Wawekewe koki mbili hapo hapo, choo kimoja, sakafu ya zege na paa. Bwana afya apite kila wiki, na akitoka kwao aingie na kwenye majiko ya gesti, maana jiko la gesti mgeni halioni kabisa. La mama lishe unaliona lote ukiwa umekaa.

Kuna hili ambalo wanaotaka mabanda yaondoke sidhani wamelipima. Chakula cha safari kinafuata miguu ya msafiri. Nendeni Kigongo, kando ya ziwa huku Mwanza. Miaka yote magari yalipokuwa yakisubiri kivuko kwenda Busisi, watu walikuwa wakishuka, wananunua samaki wa kukaanga, mahindi na mayai. Juni 2025 daraja la Magufuli limefunguliwa, kilomita 3, gari linavuka kwa dakika chache. Hakuna aliyewafukuza wale wauzaji. Daraja ni jambo jema na mimi nalifurahia, lakini abiria hashuki tena, na sufuria haiwezi kumkimbiza. Ukimpeleka mama lishe wa Nansio kilomita moja kutoka kwenye meli, umemfanyia hivyo hivyo, tena bila kumpa mtu yeyote daraja. Abiria wa meli ya asubuhi, mwenye mtoto mgongoni na gunia la machungwa kichwani, atapanda bodaboda kwenda kunywa uji halafu arudi? Hatakwenda. Atapanda meli na njaa.

Hata hapa Mwanza mjini mwaka 2021, wamachinga walipopangwa upya, tuliona. Wapo waliopata maeneo yenye watu wakatulia, na wapo waliopelekwa pasipopita mteja, wakarudi barabarani. Kosa halikuwa kuwapanga. Kosa lilikuwa kuwapanga bila kuuliza mteja anapita wapi.

Gesti nazo nina ombi kwao, la heri kabisa. Wekeni samaki kwenye orodha ya chakula kwanza, na udaga muwe nao, si wali na chipsi peke yake. Mgeni kutoka Dodoma au Ujerumani akila udaga kwenu ataukumbuka mpaka kwao. Tena msinunue sangara wadogo. Hili naliona sana na linaniuma, kwa sababu ni kazi yangu. Sheria inakataza kuvua sangara chini ya sentimita 50, na sahani ya kawaida haifiki sentimita 30. Ukiletewa sangara mzima, kichwa na mkia viko ndani ya sahani, huyo ni mtoto, hajazaa hata mara moja. Mrudishe, omba kipande. Sato yeye kiwango chake ni sentimita 25, kwa hiyo sato mzima anayejaa sahani mpaka mkia ukatoka nje, huyo ni halali, kula. Kasoro hii iko gatini pia. Mama lishe ananunua anacholetewa, na anacholetewa kwa bei ya chini mara nyingi ni hicho ambacho kiwanda cha samaki kimekikataa.

Wanaolalamika kwamba walikwenda wakakosa dagaa wabichi, angalieni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika, wavuvi wanapumzika, na mtakachokuta ni dagaa wa kukausha wa wiki iliyopita. Nao ni wazuri wakiungwa kwa karanga, ila siyo wale wabichi wanaokaangwa asubuhi wakapasuka kwenye meno.

Kaka uliyeuliza, ukishuka usikubali kuvutwa mkono na wa kwanza. Tembea taratibu kwenye mabanda yote, tazama sufuria ipi inatoa mvuke na ipi imefunikwa kimya. Salimia. Uliza kama kichwa kipo, kama udaga ni wa leo, na kama maji ya kunywa yamechemshwa. Watoto beba chupa zao. Kisha kaa benchi linalotazama ziwa. Kwa bei ya sahani moja ya gesti mtakula wanne, au watatu washibe kabisa kama wanao wana hamu ya samaki kama wangu.

Na wewe uliyesema mabanda ni aibu, nakuomba urudi hapa ujibu moja tu: huko unakotaka yapelekwe, maji ya bomba yapo? Kama yapo, kwa nini yasivutwe mpaka gatini?