Naomba ushauri: kitabu changu cha karatasi za kukatwa kinajikunja

Wapendwa, salamu kutoka Bukavu. Mimi ni mwalimu wa maternele, yaani shule ya watoto wadogo, upande wa Kadutu. Ninatengeneza kitabu kwa mkono, nakala moja tu, picha zote zimekatwa kwa wembe.

Wazo nimelitoa kwa Friedrich Froebel, yule Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo Bad Blankenburg mwaka 1837. Aliwapa watoto mipira ya uzi, tufe, mchemraba na silinda za mbao, halafu kazi za mikono: kukunja karatasi, kuisuka, kuikata. Kilichonivutia ni hiki: mtoto anakunja karatasi ya mraba, anaikata, kisha vipande vyote vinapangwa kuwa nakshi. Hakuna kinachotupwa. Nami nafuata sheria hiyo. Kilichotoka kwenye tundu la ukurasa huu kinakuwa ndege au jani la ukurasa unaofuata. (Mke wangu anasema nakusanya takataka. Tuyaache.)

Shida ni unyevu. Mvua za huku mnazijua. Karatasi ya bristoli, ile nene na ngumu, inavimba, na nikibandika kwa gundi ya maji inajikunja, sehemu nyembamba zinachanika. Gundi ya unga wa muhogo inashika vizuri, ila mende wanaipenda kuliko mimi. Kufunika kwa plastiki sitaki, maana watoto wanapenda kuona vivuli vya picha ukutani.

Mwenye uzoefu, nishone kurasa kwa uzi au nizikunje kama akordeoni? Na karatasi gani imara inapatikana hapa au Goma, bila kuagiza Ulaya?