Corolla NZE121 inagonga mbele: nianze na kipi, na kipi nisiguse nyumbani?

msafiri_wa_kokoto
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Corolla NZE121 ya 2002, otomatiki. Mbele ina matatizo haya:
– barabara ya vumbi yenye mawimbi, mwendo mdogo: "ko-ko-ko" mfululizo
– usukani ukizungushwa gari likiwa limesimama: springi ya kulia inalia "ting"
– nikikanyaga breki kwa nguvu: inagonga mara moja, nzito
– tairi la kushoto limelika upande wa ndani, na shokapu ya kulia imelowa mafuta

Nimeambiwa nibadilishe kila kitu cha mbele. Nina jeki ya kitoroli, stendi mbili, soketi kamili na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukazia). Nataka kujua kila mlio ni wa kifaa gani, kazi ifuate mpangilio gani, na ipi niwaachie wenye gereji.

Mchundo
Mkuu, usibadilishe kila kitu. Kila mlio hapo una mwenyewe.

"Ko-ko-ko" ni stabilaiza linki, yaani kijiti kinachounga shokapu na stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona). Ipime magurudumu yote yakiwa chini: ingiza mkono nyuma ya tairi, shika linki, itikise kwa nguvu. Ikigonga mkononi imekwisha. Ukiinua gurudumu moja tu, stabilaiza inajisokota na kuibana linki, nawe utaiona nzima kumbe mbovu. Wengi hudanganyika hapo.

"Ting" ni maunti ya shokapu, yaani beringi ya juu. Ikikwama, springi haizunguki pamoja na usukani, inajisokota kisha inaachia ghafla. Weka kiganja juu ya springi mtu mwingine akizungusha usukani, utaisikia ikiruka.

Kule kugonga kwa breki pamoja na tairi kulika ndani, chanzo kitafute kwenye bushi (raba ya kiungo) ya nyuma ya wishiboni, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu. Hiyo ndiyo inayobeba nguvu ya breki. Mulika kwa tochi: raba ikiwa imepasuka hadi ikaachana na chuma chake, gurudumu linarudi nyuma kila unapokanyaga breki na linafunguka pembe yake. Ila tairi kulika ndani husababishwa pia na alaimenti (pembe za magurudumu) peke yake, kwa hiyo angalia bushi kabla ya kununua.

Boljointi, kile kiungo cha duara kwenye ncha ya wishiboni, ipime kwa bomba. Inua gari, pitisha bomba kati ya wishiboni na kile chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), kandamiza. Ukiona nafasi inafunguka na kufunga, badilisha bila kusubiri. Linki ikikatika utasikia kelele tu, lakini boljointi ikichomoka gurudumu linalala chini ya gari.

Spana_ya_14
Naongeza upande wa shokapu.

Kwanza usalama, maana kuna jambo otomatiki za gurudumu la mbele hulificha. Ukiweka P, kinachofungwa ni magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo utakayoyainua. Kwa hiyo vuta hendibreki na uweke magogo au matofali ya simenti mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Stendi zikae kwenye ukingo wa chini wa bodi, pale palipokatwa alama mbili. Usiingie chini gari likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Toa gurudumu. Toa linki kwenye shokapu: nati ni 17, na ikizunguka na msumari wake, zuia msumari kwa alenki (spana ya pembe sita) ya 6. Toa mpira wa breki na waya wa ABS kwenye kishikio chake. Usivisahau hivi viwili, kwa sababu habu ikilala vitabeba uzito wote.

Kabla ya kufungua zile bolti mbili kubwa za chini ya shokapu, chora mstari wa rangi nyeupe kwenye bolti, shokapu na chuma cha habu. Mstari huo utakusaidia kurudisha kemba (gurudumu kulalia ndani au nje) karibu na ilivyokuwa. Funga habu kwa waya kwenye springi au bodi isiangukie nje, la sivyo sivi jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) ya ndani inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Nati tatu za juu, za 14, ziwe za mwisho, na mtu awe ameshika shokapu kutoka chini.

NATI YA KATIKATI JUU YA SHOKAPU USIIGUSE mpaka springi iwe imebanwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana, kila kimoja kikikazwa zamu kwa zamu, na springi iwe inacheza kwenye kiti chake kabla hujaifungua. Springi ile ikifyatuka inaua. Kama huna vibanio vizuri, toa shokapu na springi yake nzima, ipeleke gereji wakubadilishie, urudi nayo ufunge mwenyewe. Kazi hiyo fundi mwenye mashine anaifanya kwa muda mfupi, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora kwa mtu wa nyumbani.

Shokapu mpya zifungwe mbili kwa pamoja, pamoja na maunti na buti la vumbi (mfuniko wa raba). Ukirudisha buti lililochanika, mchanga utakwangua rodi na sili itavuja mapema. Ncha ya chini ya springi ikae kwenye ngazi yake, na kiti cha juu kilichoandikwa OUT kitazame nje ya gari.

Ukazaji kwa toki renchi (kipimo chake ni Nm): nati tatu za juu 39 Nm, nati ya katikati 47 Nm, bolti kubwa za chini 153 Nm, linki 74 Nm, nati za tairi 103 Nm.

mama_wa_bushi
Kaka, shokapu na linki fanya mwenyewe, hazina shida. Wishiboni ndiyo nitakayokuomba ufikirie mara mbili.

Upande wa kulia inatoka vizuri. Upande wa kushoto kwenye otomatiki, bolti ya mbele ya wishiboni inagota kwenye gearboksi kabla haijamaliza kutoka. Hapo lazima ama uinue gearboksi kidogo kwa jeki na ubao baada ya kufungua maunti yake, ama ushushe krosimemba (fremu ya chini inayobeba wishiboni). Ukishusha krosimemba unasogeza na usukani pia. Bila lifti na bila msaidizi mzoefu, upande huo upeleke gereji. Wapo wanaoikata bolti kwa grainda na kurudisha nyingine kwa kuigeuza, usikubali.

Sasa kosa linaloua bushi mpya. Bushi hizi hazizunguki. Raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na gari likipanda na kushuka raba ndiyo inayojipinda. Ukikaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia, umeifunga raba kwenye pembe hiyo. Ukishusha gari inakaa imejisokota saa 24 hata likiwa limeegeshwa, na miezi michache baadaye utaikuta imechanika mahali pale pale. Watu husema spea ilikuwa feki, kumbe ilikazwa hewani.

Dawa yake: funga bolti za wishiboni kwa mkono tu mpaka ziguse. Weka jeki chini ya wishiboni karibu na boljointi, inua taratibu mpaka gari lianze kunyanyuka kwenye stendi ya upande huo, kisha kaza 137 Nm.

Mnunuzi wa wishiboni nzima yenye bushi anaepuka kazi ya presi. Wishiboni ya mtumba kutoka Japani chuma chake kinaweza kuwa kizuri, lakini raba yake ina umri ule ule wa gari lako, kwa hiyo usiihesabu kama mpya.

msafiri_wa_kokoto
Asanteni sana. Nimepima jana: linki zote mbili zinacheza, maunti ya kulia imekwama, bushi ya kushoto imepasuka, na boljointi ya kulia ina nafasi kidogo. Boljointi naitoaje bila kuchana buti la tairodi endi (ncha ya fimbo ya usukani)? Na nati ya linki imeshika kutu, alenki inateleza.

Mchundo
Linki unaitupa, kwa hiyo usihangaike na alenki. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, pulizia oili ya kutu, iache usiku kucha. Ikigoma, bana msumari nyuma ya buti kwa koleo la kujifunga, zungusha nati. Ikigoma tena, kata kwa msumeno wa chuma, huku ukiweka kitambaa kibichi juu ya mpira wa breki. Grainda hapo hapana, cheche zikigusa mpira wa breki hutaziona mpaka siku utakapovuja.

Boljointi: ng'oa spilipini (pini inayozuia nati isilegee), legeza nati ya taji lakini iache imeshika nyuzi chache, isije ikachomoka na kukupiga. Usipige msumari wake. Piga pembeni kwenye sikio la chuma linaloushika, nyundo ya kilo moja na nusu, mapigo mawili matatu ya haki. Koni inaachia yenyewe. Uma wa kupigilia unafanya kazi lakini unachana buti, kwa hiyo utumie tu kwa kifaa unachokitupa. Kwenye tairodi endi tumia pula (kifaa cha kuvutia). Halafu fungua bolti moja na nati mbili zinazoifunga boljointi kwenye wishiboni. Nafasi chini ya sivi jointi ni finyu, itabidi usukume habu nje kidogo huku imefungwa waya.

Wakati wa kufunga, futa grisi yote kwenye koni, ikae kavu. Kaza, na tundu lisipolingana na nafasi ya nati, endelea mbele mpaka nafasi inayofuata. Usirudishe nyuma. Spilipini iwe mpya.

Spana_ya_14
Ukienda dukani mpe muuzaji namba ya chesisi, usimwambie "Corolla" tu, maana NZE121 na NZE124 hazifanani kila kitu. Boksi la chapa ya 555 au KYB liangalie uchapishaji na namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, kwa sababu maboksi yanaigwa.

Mpangilio wako uwe huu: wishiboni ya kushoto gereji kwanza, kisha nyumbani boljointi ya kulia, shokapu mbili na maunti zake, na linki ziwe za mwisho, zikazwe magurudumu yote mawili yakiwa kwenye kimo kimoja. Baada ya kilomita 50 hivi, rudia kukaza nati za tairi na bolti kubwa za shokapu. Alaimenti fanya baada ya hapo, na tairi lililolika ndani lihamishie nyuma kabla ya kupimwa.