Naomba ushauri: nani mwingine anapiga gitaa kama Mississippi John Hurt?

Habari zenu wadau. Nimekulia kwenye kantri ya Jim Reeves na Don Williams, ila siku hizi nimenogewa na bluzi ya gitaa kavu, hasa Mississippi John Hurt. Kwenye rekodi zake za 1928, dole gumba linatembeza besi bila kuyumba huku vidole vingine vikichezea wimbo juu. Ananikumbusha kabisa George Mukabi, yule mpiga gitaa wa Kenya!

Kwenye bluzi hiyohiyo nimejaribu Charley Patton, mikwaruzo ya santuri ikanishinda. Skip James wa 1931 ni hatari, ila usiku simwezi. Blugrasi (ile kantri ya banjo na fidla) ya Bill Monroe nayo mbio mno.

Sasa, nani mwingine anapiga kwa utulivu kama Hurt? Na blugrasi nianzie kwa nani asiye na haraka?